Kwa nini mahabusu wanakaa muda mrefu? Mwongozo wa kulitafiti swali hili, kutoka jalada la mahakama hadi meza ya mtunga sera

Tafiti nyingi kuhusu msongamano magerezani huanza na jibu. Mtafiti anaingia gerezani, anakuta sehemu kubwa ya waliomo hawajahukumiwa, kisha anataja sababu anayoiamini tangu nyumbani: polisi wanachelewesha upelelezi, mahakimu ni wachache, sheria ya dhamana ni kali. Yote matatu yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Lakini kuongeza mahakimu hakumsaidii mtu ambaye dhamana yake iko wazi na hana wa kumdhamini, na kulegeza masharti ya dhamana hakumsaidii mwenye kosa lisilodhaminika kisheria. Utafiti wenye faida ni ule unaotenganisha makundi hayo na kuonyesha kila moja linachukua siku ngapi.

Hapa tunaeleza namna ya kufanya utafiti wa aina hiyo katika mahakama moja ya wilaya au ya hakimu mkazi, kwa taratibu za Tanzania Bara, tukigusa Kenya pale zinapotofautiana. Unawezekana kwa mwanafunzi wa uzamili, kwa shirika la msaada wa kisheria, hata kwa ofisi ya serikali inayotaka namba zake yenyewe. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji subira, na daftari zuri.

Swali liwe linalohesabika

“Changamoto za mahabusu katika mkoa fulani” si swali, ni kichwa cha semina. Swali linalotafitika ni hili: kati ya washtakiwa waliofikishwa kwa mara ya kwanza katika mahakama hii kati ya 1 Januari na 31 Desemba 2023, ilichukua siku ngapi mpaka kila mmoja akatoka mahabusu, na katika siku hizo alishikiliwa na nini?

Kabla ya kugusa jalada, andika maana ya maneno manne.

Mwanzo. Je, siku zinaanza kuhesabiwa alipokamatwa, au alipofikishwa mahakamani? Sheria za nchi zote mbili zinazungumzia saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani, na kwa Kenya sharti hilo limo ndani ya Katiba yenyewe, Ibara ya 49(1)(f). Shida ni kwamba siku za kituo cha polisi mara nyingi hazionekani kwenye rejesta ya mahakama. Tumia siku ya kwanza mahakamani kama mwanzo mkuu, kwa kuwa karibu kila jalada linayo. Tarehe ya kukamatwa inakili pale ilipo (karatasi ya mashtaka ya Kenya ina nafasi yake) na uiripoti peke yake. Ukichanganya mianzo miwili katika hesabu moja, hakuna atakayejua umepima nini.

Mwisho. Ni siku aliyoacha kuwa mahabusu kwa njia yoyote: dhamana imetimizwa, mashtaka yameondolewa, ameachiwa huru, amehukumiwa na kuwa mfungwa, amefariki, ametoroka. Nakili na njia yenyewe.

Mtu. Kesi moja inaweza kuwa na washtakiwa wanne, wawili wakapata dhamana siku ileile na wawili wakabaki mwaka. Hesabu watu, huku ukitunza namba ya kesi ili ujue nani yuko na nani.

Kishikilio. Hapa ndipo utafiti mwingi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo. Neno “amenyimwa dhamana” hutumiwa ovyo. Gawa watu wako hivi: (A) kosa halina dhamana kisheria; (B) kosa linadhaminika lakini dhamana imezuiwa, ama na hakimu kwa sababu alizozitaja, ama kwa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka; (C) dhamana iko wazi, masharti hayajatimizwa; (D) jalada halisemi lolote kuhusu dhamana; (E) dhamana imetimizwa katika kesi hii lakini anashikiliwa kwa kesi nyingine. Mtu anaweza kuhama kundi katikati ya kesi, mathalani shtaka likibadilishwa kutoka unyang’anyi wa kutumia silaha kuwa wizi. Nakili tarehe ya kuhama.

Kundi C ndilo linalostahili macho zaidi, maana ni watu ambao mahakama yenyewe imesema wanaweza kuwa nje. Sharti la kawaida Tanzania ni wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, kila mmoja asaini bondi ya kiasi fulani. Kwa mwenyeji wa mji ni jambo la siku moja. Kwa kibarua aliyekuja kuvuna au kuchimba, asiye na ndugu mjini, ni ukuta. Na hata wadhamini wakipatikana, wakifika hakimu ameondoka au karandinga limeshawarudisha mahabusu gerezani, mtu anasubiri mpaka aletwe tena. Kwa Kenya, fomu yako iwe na nafasi ya dhamana ya fedha taslimu na ya bondi yenye hati ya shamba au kitabu cha gari, maana huko vizuizi vina sura nyingine. Ibara ya 49(1)(h) inatoa haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito, kwa hiyo kundi A kwa maana ya Tanzania halipo; walio wengi wataangukia B au C.

Kwa Tanzania, makosa ya kundi A yanatoka kwenye kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa toleo la 2022. Namba za vifungu huweza kuhama toleo jipya la marekebisho likitoka, kwa hiyo andika toleo ulilotumia. Andika pia historia yake kwa usahihi: Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kuna ripoti zinazonukuu uamuzi wa kwanza na kusahau wa pili. Msomaji mwanasheria akiliona hilo, hafungui ukurasa unaofuata.

Mlango unaoingilia ndio unaoamua jibu

Una milango miwili: gerezani, ukahoji waliomo leo, au kwenye rejesta ya mahakama, ukawafuata wote walioingia mwaka mzima. Si sawa, na tofauti yake inaonekana kwa hesabu ya penseli.

Chukua gereza linalopokea mahabusu 100 kila mwezi wa siku 30. Tisini wanakaa siku 10 kila mmoja, kumi wanakaa siku 300. Ukienda siku yoyote ile utawakuta wa muda mfupi 30 (90 × 10 ÷ 30) na wa muda mrefu 100 (10 × 300 ÷ 30). Utahoji watu 130, na 100 kati yao, yaani asilimia 77, ni wa muda mrefu. Utaandika kwamba robo tatu ya mahabusu wanasota. Ukweli ni kwamba aliyeingia ana nafasi moja tu kati ya kumi ya kusota. Wastani wa siku kwa walioingia ni 39. Kwa uliowakuta ndani, ukijua watakaa siku ngapi kwa jumla, ni 233.

Namba zote mbili ni sahihi. Swali likiwa “vitanda vya gereza vimejaa nani?”, ingia kwa mlango wa gereza. Likiwa “mtu akikamatwa leo, kitampata nini?”, ingia kwa rejesta. Kosa ni kutumia data za mlango mmoja kujibu swali la mwingine, na kosa hilo ni la kila siku, hata kwenye ripoti zenye jalada la kung’aa. Mwongozo huu unatumia rejesta.

Vibali: anza miezi mitatu kabla

Mlolongo wa kawaida Tanzania: kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha kibali cha utafiti, kisha uongozi wa Mahakama, kisha mahakama yenyewe. Mtafiti wa chuo cha ndani mara nyingi hupata barua ya kibali kupitia chuo. Mgeni lazima apite COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukitaka kupima afya ya akili ya mahabusu umeingia kwenye utafiti wa afya, na hapo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, inahusika. Zanzibar ina utaratibu wake na mahakama zake; kibali cha Bara hakikupi rejesta ya Unguja. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwanza, halafu barua kwa Msajili Mkuu wa Mahakama. Kuingia gerezani ni ombi jingine kabisa, kwa Kamishna Jenerali wa Magereza wa nchi husika.

Barua iombe vitu kwa majina yake: “rejesta ya kesi za jinai ya mwaka 2023, na majalada ya kesi 400 zitakazochaguliwa kutoka humo, yasomwe ndani ya masjala, bila kunakili majina.” Ombi la “taarifa mbalimbali kuhusu mahabusu” humtisha mkubwa wa ofisi, na akitishika hupeleka barua juu, nayo ikikaa huko imekaa.

Ukishafika, mtu wa kumheshimu zaidi ni karani wa masjala. Yeye ndiye anayejua kwamba majalada ya Machi yako kwenye boksi chini ya ngazi. Nenda saa ambazo hazimwingilii: asubuhi wakati majalada ya siku yanapelekwa kwa mahakimu si saa ya kuomba kitu. Usimlipe pembeni, kama utafiti una posho ya msaidizi, ipitie kwa uongozi kwa maandishi.

Kuhusu data binafsi: Kenya ina sheria ya 2019, Tanzania ina ya 2022. Rekodi ya jinai itunze kama taarifa nyeti. Kila mtu mpe namba ya utafiti, na orodha inayounganisha namba hiyo na namba ya kesi ikae kwenye faili tofauti lenye nywila, kwa mtu mmoja. Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Katika wilaya ndogo, “mwanamke, miaka 61, mauaji, kata fulani, Mei” ni sawa na kumtaja. Usichapishe kisanduku chochote cha jedwali chenye watu chini ya watano. Kiunganishe na jirani yake.

Sampuli

Hesabu kwanza kesi zote za jinai zilizofunguliwa mwaka huo. Tuseme ni 1,200. Kwa asilimia ya aina ya “wangapi wako kundi C”, ukitaka kosa la kukadiria lisizidi pointi 5 kwa uhakika wa asilimia 95, unaanza na 384, namba ya kawaida ya takwimu kwa kundi kubwa sana, na kuipunguza kwa ukubwa wa kundi lako: 384 ÷ (1 + 383 ÷ 1,200) = 291. Hizo ni kesi utakazozipata kweli. Majalada hupotea, mengine yako Mahakama Kuu kwa rufaa, mengine kwa waendesha mashtaka. Weka akiba ya asilimia 15: 291 ÷ 0.85 = 342.

Uchaguzi uwe wa kuruka. 1,200 ÷ 342 ni 3.5, kwa hiyo ukichukua kila ya tatu utapata 400, ambayo inatosha na kubaki. Chagua mwanzo kwa kura kati ya 1, 2 na 3. Angalia kitu kimoja: kama rejesta imepangwa kwa makundi, mathalani siku ya msako kesi 30 za uzururaji zimeingizwa mfululizo, kuruka kunashughulikia vizuri. Lakini kama mahakama ina mahakimu watatu na kesi zinagawiwa kwa zamu, kila ya tatu inakuangushia hakimu yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo chagua kwa namba za nasibu za kompyuta.

Jalada lisiloonekana halibadilishwi na jirani yake. Linaandikwa “halikuonekana”, pamoja na kosa na tarehe kutoka kwenye rejesta, ili mwishoni uweze kulinganisha yaliyoonekana na yasiyoonekana. Yakitofautiana sana (mara nyingi kesi ndefu ndizo zinazohangaika kati ya ofisi), sema hivyo katika matokeo. Na kwa kuwa umechagua kesi lakini unachambua watu, washtakiwa wa kesi moja hufanana. Iambie programu ya takwimu iwatambue kama kundi, la sivyo uhakika wako utakuwa wa uongo.

Fomu na unakili

Vipengele 25 vinatosha. Fomu ya vipengele 80 haijazwi, hubuniwa. Vya lazima: namba ya utafiti, umri, jinsia, kosa kama lilivyosomwa na kama lilivyo mwishoni, thamani ya mali kama ni wizi, tarehe ya kukamatwa, ya kwanza mahakamani, ya kila kutajwa na kila kusikilizwa, sababu ya kila ahirisho, kundi la kishikilio na tarehe za kuhama, masharti ya dhamana neno kwa neno, kama ana wakili, njia ya kutoka, tarehe ya kutoka, adhabu. KoboToolbox, programu ya kujazia fomu, kwenye simu inafaa, ila weka na karatasi, maana umeme wa masjala si wa kutegemea. Tenganisha “haipo kwenye jalada” (99) na “haihusiki” (88) tangu siku ya kwanza. Nafasi tupu ni adui, kwani haisemi kama kitu hakikuwepo au mnakili alichoka.

Kipengele kigumu ni sababu ya ahirisho. Mwenendo wa kesi huandikwa kwa mstari mmoja: upelelezi haujakamilika, shahidi hajafika, mshtakiwa hajaletwa, hakimu ana udhuru, jalada liko kwa mwanasheria wa serikali, wakili anaumwa. Tengeneza orodha ya sababu 12 au hivi, na kando yake kipengele cha pili: jambo hilo liko mikononi mwa nani? Polisi, mashtaka, mahakama, magereza, utetezi, shahidi. “Mshtakiwa hajaletwa” ni suala la mafuta ya gari la magereza; ukiliweka kapu moja na “shahidi hajafika” umepoteza dawa yake. Ahirisho moja linaweza kuwa na sababu mbili, kwa hiyo ruhusu mbili. Zaidi ya mbili usiruhusu.

Jiandae kwa lugha. Marekebisho ya sheria ya 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, lakini majalada ya zamani ya mahakama za wilaya ni ya Kiingereza na ya baadaye utayakuta yamechanganyika. Orodha ya sababu iwe na maneno ya lugha zote mbili, ili wanakili wawili wasitafsiri kila mmoja kivyake.

Kipo kipimo cha bure cha ubora wa data. Sheria ya Tanzania inataka ahirisho lisizidi siku 15 mshtakiwa akiwa mahabusu, na mazoea ni siku 14. Ukikuta pengo la siku 40 kati ya tarehe mbili za mtu aliye mahabusu, ama karatasi imepotea, ama alishatoka na hukuona, ama sheria imekiukwa. Rudi kwenye jalada kabla ya kuamua ni ipi.

Na mitego mitatu ambayo haionekani mpaka ikunase.

Wa kwanza: mashtaka yanaondolewa asubuhi, mtu anakamatwa tena nje ya chumba cha mahakama, anafunguliwa kesi yenye namba mpya. Kwenye rejesta ni kesi mbili fupi. Kwake yeye ni mahabusu moja ndefu. Kila anayetoka kwa njia ya kuondolewa mashtaka, tafuta jina lake katika rejesta kwa siku 30 zinazofuata kabla hujamwandika kuwa ametoka.

Wa pili: mauaji. Kesi inaanza mahakama ya chini, mshtakiwa anahamishiwa Mahakama Kuu na kupewa namba nyingine. Ukiishia mahakama ya chini, utaandika kwamba kesi za mauaji “zinaisha” haraka kuliko za wizi wa kuku. Kuhamishiwa si kutoka, endelea kumhesabu.

Wa tatu: tarehe ya “dhamana imetolewa” si tarehe ya kutoka. Hakimu anafungua dhamana Jumatatu, wadhamini wanakubaliwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Tafuta bondi iliyosainiwa ndani ya jalada. Hiyo ndiyo tarehe.

Siku tano za kwanza, wanakili wote wawili wasome majalada 50 yaleyale bila kuonyeshana, kisha mlinganishe. Wakikubaliana katika 44, hiyo ni 0.88, na inapendeza machoni. Lakini kama kwa bahati tu wangekubaliana 0.60, kipimo cha kappa, kinachoondoa makubaliano ya bahati, ni (0.88 − 0.60) ÷ (1 − 0.60) = 0.70. Inaruhusu kuendelea, kwa tahadhari. Chini ya 0.60 simamisha kazi, kaeni na majalada mliyotofautiana, andikeni kanuni upya. Karibu kila mara ugomvi unakuwa kati ya kundi B na C.

Kwa mwendo: mnakili mzoefu humaliza majalada kumi kwa siku ya saa tano za masjala. Majalada 400 kwa watu wawili ni siku 20 za kazi, panga 25.

Uchambuzi: usiwatupe wasiomaliza

Siku ya kufunga data, baadhi ya watu watakuwa bado ndani. Anayewaondoa kwa sababu “kesi haijaisha” anaondoa waliokaa muda mrefu kuliko wote. Tazama watu kumi, siku zao zikiwa hizi, na alama ya + ikionyesha bado yumo: 5, 14, 14, 28, 40+, 60, 90+, 120, 200+, 365+. Ukichukua sita waliotoka tu, thamani ya kati, yaani siku ambayo nusu yao wameshatoka, ni siku 21.

Sasa fanya kwa njia ya Kaplan na Meier, njia ya takwimu inayowahesabu pia ambao bado wamo. Siku ya 5, mmoja kati ya 10 anatoka: waliobaki ni 0.90. Siku ya 14, wawili kati ya 9: 0.90 × 7/9 = 0.70. Siku ya 28, mmoja kati ya 7: 0.60. Yule wa 40+ hatoki, ila hatujui habari zake baada ya hapo, kwa hiyo anaondolewa kwenye hesabu bila kuishusha. Siku ya 60, mmoja kati ya 5: 0.60 × 4/5 = 0.48. Hapo nusu imevukwa: thamani ya kati ni siku 60, karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Programu za takwimu za R na Stata zinafanya hili kwa mstari mmoja, lakini lifanye kwa mkono mara moja ili uweze kumweleza mbunge.

Chora mstari huo kwa kila kundi peke yake. Kisha gawanya jumla ya siku za mahabusu kwa makundi: katika siku zote zilizolaliwa gerezani, ngapi ni za A, za B, za C? Mara nyingi grafu hii moja ina thamani kuliko sura nzima ya fasihi. Kundi A linaweza kuwa dogo kwa vichwa na kubwa kwa siku. Na kundi C, hata kama ni siku chache kwa kila mtu, ni watu wengi walioathirika bila sababu ambayo mahakama ilikusudia.

Kuwahoji mahabusu wenyewe

Ifanye baada ya majalada, kwa watu 20 hivi wa kundi C, kujua kilichozuia wadhamini. Mahali ambapo askari anaona lakini hasikii. Usiulize lolote kuhusu kosa lenyewe. Mtafiti hana kinga, daftari lako linaweza kuitwa mahakamani. Usitoe sabuni wala fedha, na usichaguliwe watu na nyapara. Sema wazi, mara mbili, kwamba mazungumzo haya hayataharakisha kesi yake. Ataitikia, na bado atatumaini. Ndiyo maana mahojiano yawe machache.

Kupima kama sera imefanya kazi

Tanzania ilianzisha makubaliano ya kukiri kosa mwaka 2019. Kenya ilitoa miongozo ya dhamana na bondi mwaka 2015. Inavutia kulinganisha mwaka kabla na mwaka baada. Usifanye hivyo. Baada ya 2019 ikaja 2020 na korona, ambapo kukamata, kusikiliza kesi na kuachia watu vyote vilibadilika kwa wakati mmoja. Unahitaji mfululizo wa mwezi kwa mwezi, angalau miezi 24 kabla na 12 baada, ukiangalia kama mstari umekatika palepale sera ilipoanza. Weka na mahakama ya kulinganisha ambayo haikuguswa, kama ipo. Kumbuka likizo ya Mahakama kutoka katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari: namba hushuka kila mwaka, si kwa ajili ya sera yako.

Jihadhari pia na mradi wa majaribio unaopelekwa kwenye mahakama iliyo mbaya kuliko zote. Mwaka mbaya kupindukia kwa kawaida hufuatiwa na mwaka usio mbaya sana, hata bila mradi.

Na kuwauliza walengwa “je, mpango umekusaidia?” hakutoshi. Mfano unaojulikana zaidi ni mpango wa kuzuia uhalifu wa vijana wa Cambridge na Somerville, Massachusetts, Marekani, ulioanza 1939: wavulana 506 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa washauri, masomo ya ziada na kambi za kiangazi. Miaka 30 na ushei baadaye mtafiti wa uhalifu Joan McCord aliwafuatilia, na mwaka 1978 akachapisha kwamba waliosaidiwa walikuwa wamefanya vibaya zaidi kwenye vipimo kadhaa, ingawa wengi wao walisema mpango uliwafaa. Bila kundi la kulinganisha, ungehesabika ushindi.

Kwenye meza ya mwenye uamuzi

Kurasa mbili, na kila pendekezo liwe na mwenye mamlaka nalo. Masharti ya wadhamini yanaweza kuguswa na waraka wa Jaji Mkuu. Kundi A linahitaji Bunge. Mafuta ya karandinga ni bajeti ya Magereza. “Jalada liko kwa mwanasheria wa serikali” ni Ofisi ya Mashtaka. Pendekezo la “serikali iboreshe mfumo wa haki jinai” halina mlango wa kugonga. Onyesha pia linapokutana na yaliyokwishasemwa: Tume ya Rais ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na kwa Kenya, Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki na kamati za watumiaji wa mahakama ndiko mambo haya yanakojadiliwa. Kamati ya watumiaji wa mahakama wilayani, ambamo hakimu, polisi, magereza na waendesha mashtaka wanakaa meza moja, mara nyingi huanza kubadilisha mambo kabla wizara haijajibu barua.

Ukitaja fedha, usichukue bajeti nzima ya gereza ukaigawa kwa idadi ya waliomo na kudai hicho ndicho kitakachookolewa. Ukiwaondoa mahabusu 20, askari hawapungui, ukuta hauhamishwi. Kinachopungua ni chakula, maji, dawa na safari za gari. Ofisa wa Hazina ataliona kosa hilo kwa dakika moja na kukufunga mdomo kwa kikao kizima. Andika namba ndogo iliyo ya kweli, kisha weka kando yake siku za mahabusu.

Mwaka wa fedha huanza Julai na Bunge la bajeti la Tanzania hukaa kuanzia Aprili, lakini makadirio ya wizara huwa yamepikwa miezi kadhaa kabla. Ripoti inayotaka fedha ifike kabla ya Januari. Na nakala ya kwanza, kabla ya wizara na kabla ya gazeti lolote, mpelekee hakimu mfawidhi wa mahakama uliyoitafiti, umpe wiki mbili za kusahihisha. Atakuonyesha makosa mawili matatu ya kweli, na safari ijayo utakapohitaji rejesta ya mwaka unaofuata, karani atakuwa ameshakuwekea kiti.